Nyabiondo: Watoto walioingia shule ya bure mwaka 2019 wakakutana na korona

Tarehe 2 Septemba 2019 watoto wengi wa Nyabiondo na vijiji vya kandokando, katika sekta ya Osso-Banyungu, eneo la Masisi, waliingia darasa la kwanza la msingi. Wengine walikuwa na miaka sita, kama inavyotakiwa. Wengine walikuwa na nane, hata kumi, kwa sababu miaka iliyotangulia wazazi wao hawakupata pesa ya kuwaandikisha. Mwaka huo serikali ya Kinshasa ilisema shule ya msingi ni bure. Miezi sita na nusu baadaye serikali hiyohiyo ikaamuru shule zote za nchi zifungwe.

Habari za mwaka ule zimesahaulika upesi, maana yaliyofuata Masisi yalikuwa makubwa zaidi. Lakini kuna familia zinazojiuliza leo, zikiwa ugenini au zimerudi kwenye nyumba isiyo na mabati, kwa nini mtoto aliyekwisha kuwa kijana bado anasoma kwa kubahatisha. Sehemu ya jibu iko katika miezi ile.

Uzito wa neno "bure" huko Masisi haueleweki bila kurudi nyuma kidogo. Shule nyingi za eneo hili zilianzishwa na misheni, Wakatoliki upande mmoja na Waprotestanti upande mwingine. Mwaka 1974 Mobutu alizichukua ziwe mali ya serikali. Haikupita miaka mingi, na Februari 1977 serikali ikatia sahihi mapatano ya kuyarudishia makanisa kazi ya kuziongoza. Ndiyo maana hadi leo shule ya umma kijijini ina jina la kanisa kwenye kibao chake. Mapatano yalisema makanisa yataongoza na serikali italipa walimu. Sehemu ya kwanza ilitimizwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu wa Zaire ulikuwa kitu cha kuchekwa. Walimu waligoma, shule zikakaa miezi mingi bila masomo. Hapo maaskofu wa Kikatoliki na wawakilishi wa wazazi wakakubaliana kwamba wazazi wamsaidie mwalimu kwa muda mfupi, mpaka serikali isimame tena kwa miguu yake. Msaada huo ukaitwa "prime". Muda mfupi huo ulidumu zaidi ya miaka 25.

Kwa mama anayeishi kwa jembe, prime ilikuwa na sura moja: direkta anapita madarasani na orodha, anasoma majina, na waliosomwa wanachukua madaftari yao na kurudi nyumbani. Pesa ya kuwarudisha ilitoka kwenye maharagi, viazi na mihogo. Kwa hiyo kila vita iliyomtoa mtu shambani ilimtoa pia mtoto wake darasani, hata kama shule yenyewe haikuguswa.

Na Masisi ilijua kufunga shule zamani kabla ya korona. Mwaka 1993 mapigano yaliyoanzia soko la Ntoto, upande wa Walikale, yalienea hadi Masisi na jirani akamkimbia jirani. Mwaka uliofuata wakimbizi wa Rwanda wakajaza Kivu. Mwaka 1996 vita, mwaka 1998 vita nyingine. Desemba 2004 Nyabiondo yenyewe ilishambuliwa, wakati wanajeshi waliotoka katika RCD-Goma walipopambana na Mai-Mai, na raia wengi waliuawa. Wakaaji walioiona siku ile hawahitaji kukumbushwa. Baadaye zikaja nyakati za CNDP, kisha za APCLS ya Janvier Karairi, ambayo Lukweti na Nyabiondo zimekuwa kama nyumba yake, kisha za Nyatura za majina mbalimbali. Mwanzoni mwa 2013 Kitchanga iliungua.

Kila mara mambo yalikwenda vilevile. Watu wanakimbilia msituni au Masisi-kati. Madarasa yanalaliwa na wakimbizi, pengine na wenye silaha, na madawati yanakuwa kuni. Siku bunduki zinaponyamaza, wazazi wanakata miti, wanaezeka upya, na mwalimu anaanza na watoto aliowapata, ishirini au sitini. Hakuna aliyengoja barua kutoka Goma. Shule za kule zimefungwa na risasi mara nyingi, na waliozifungua karibu kila mara ni wazazi.

Katiba ya Februari 2006, katika ibara yake ya 43, ilisema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni bure. Maneno hayo yalikaa kwenye karatasi miaka 13. Rais Félix Tshisekedi, aliyeapishwa Januari 2019, ndiye aliyeyatoa hapo, na mwaka wa masomo ulioanza Septemba ukawa wa kwanza bila prime katika shule ya msingi. Serikali ilizungumzia watoto wapya wanaofikia milioni 4 kwa nchi nzima.

Furaha ilikuwa kubwa, na taabu ilikuja nayo mlango mmoja. Darasa la watoto 50 likawa la 80 au 100. Walioumia zaidi ni walimu ambao serikali haikuwa imewaingiza kwenye orodha yake ya malipo. Kwa lugha ya wizara wanaitwa N.U., yaani wapya, hata kama mtu amefundisha miaka kumi. Mwalimu wa namna hiyo alikuwa akila prime. Prime ikaondolewa kabla mshahara haujafika. Katika shule moja mwalimu wa chumba cha kwanza alipata mshahara na wa chumba cha pili hakupata kitu, na wote wawili waliingia darasani saa ileile ya asubuhi. Hata aliyelipwa alikuwa na safari yake: vijijini pasipo benki mshahara wa mwalimu ulipitia mikononi mwa Caritas, na njia ilipokatwa na matope au na mapigano, mshahara ulilala njiani. Juu ya hayo, mwalimu wa kijijini alikuwa akipewa kidogo kuliko mwenzake wa Kinshasa kwa kazi ileile, na wengi wa mjini hawakuwa wakijua jambo hilo.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa Machi 2020. Shule zilikuwa zimejaa kuliko wakati wowote, walimu wengi walikuwa bila malipo, na wazazi walikuwa wameanza kuamini.

Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi. Tarehe 18 rais alisema kwenye televisheni kwamba shule, vyuo vikuu na makanisa vifungwe, na mikutano ya watu zaidi ya 20 ikatazwe. Tarehe 24 akatangaza hali ya dharura na kuutenga mji wa Kinshasa na mikoa mingine.

Kivu ya Kaskazini haikuwa ngeni kwa magonjwa ya namna hiyo. Tangu Agosti 2018 mkoa ulikuwa ukipambana na Ebola, ambayo ilianzia Mangina upande wa Beni na kufika Goma Julai 2019. Ndoo yenye robine na maji ya klori, mtu anayekupima joto kwenye paji la uso, hayo yalijulikana barabarani tangu hapo. Ebola ile ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Kwa hiyo watu walijua kunawa mikono. Walijua pia kwamba penye ugonjwa mkubwa hufika magari makubwa na posho kubwa, kisha magari yanaondoka. Shaka hiyo iliingia kwenye korona mapema, na Masisi wengi waliuita ugonjwa wa Kinshasa, ugonjwa wa wenye kupanda ndege.

Tofauti ya kufungwa huku na kule kwa zamani ilionekana tangu Alhamisi tarehe 19 Machi. Shule ilikuwa imesimama, mwalimu yuko nyumbani kwake, watoto wako, barabara ya kwenda shuleni haina askari, lakini darasa ni tupu. Vita huwa inampa mzazi kazi ya kufanya: kukimbia, kurudi, kujenga. Amri ya Kinshasa haikumwachia kazi yoyote isipokuwa kungoja. Na soko lilibaki wazi, maana watu lazima wale. Mtoto aliyekatazwa kukaa na wenzake darasani alikaa nao sokoni, akiuza ndizi kando ya mama yake. Wazazi waliliona jambo hilo, wakaliuliza kwa sauti, na jibu halikupatikana kwa mtu yeyote wa ngazi ya kijiji.

Njaa nayo ilijongea. Rwanda ilifunga mipaka yake mwezi huo wa Machi, na biashara ndogondogo ya Goma, inayokula mazao ya Masisi, ikavunjika mgongo. Mwezi wa Aprili gavana Carly Nzanzu Kasivita akatangaza kuitenga Goma, Beni na Butembo na maeneo mengine ya mkoa. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, lakini mama mwenye mfuko wake mmoja wa maharagi na debe la viazi si lori. Alizoea kupanda juu ya gari pamoja na mzigo wake hadi Sake au Goma, auze, anunue chumvi, mafuta na sabuni, arudi. Sabuni, ambayo kila tangazo la redio lilimwagiza aitumie mara kwa mara, ndiyo ilikuwa inamkimbia kwa bei.

Wizara ya elimu ya msingi na sekondari, iliyokuwa chini ya waziri Willy Bakonga, ilisema masomo yataendelea kwa mbali: kwa televisheni, kwa intaneti na kwa redio. Radio Okapi ilitoa masomo katika kipindi cha Okapi École, kwa msaada wa UNICEF. Ilikuwa kazi ya maana. Mwanafunzi wa sita ya sekondari anayejitayarisha kwa mtihani wa taifa, mwenye redio karibu na daftari mkononi, alipata kitu.

Lakini mambo ya Nyabiondo yasemwe wazi. Hakuna umeme wa taifa, na simu ya intaneti ni ya wachache. Redio ipo, tena inapendwa, ila katika nyumba nyingi ni moja, ni ya baba, na betri zake zinawekwa akiba kwa ajili ya habari: nani amepigana wapi, njia gani imefungwa. Masomo yalikuwa ya Kifaransa. Mtoto wa darasa la kwanza nyumbani anasema Kihunde au Kinyarwanda au Kiswahili, na Kifaransa alikuwa anakisikia kwa mwalimu peke yake. Zaidi ya hayo, redio haimwoni mtoto. Haiwezi kumshika mkono anapoandika herufi kinyume, wala kumpa chaki ajaribu tena. Kwa wakubwa redio ilikuwa msaada. Kwa wale wa Septemba 2019 ilikuwa sauti tu.

Wenye uwezo kidogo walitafuta njia. Pande nyingi za Kivu wazazi watano au sita walimwomba mwalimu akae na watoto wao uani, wakimlipa kwa chakula au kwa pesa kidogo, na kwa kuwa hawakufikia 20, amri haikuvunjwa. Hapo prime ikarudi kwa mlango wa nyuma, na mtoto aliyeingia shule kwa sababu ya "bure" ndiye hakuonekana uani.

Yeye alikwenda shambani. Au alichunga ng'ombe wa watu katika malisho ya milima, au alibeba mizigo siku za soko, na wavulana wakubwa walichukua njia ya machimbo, Rubaya kwa upande huu, Walikale kwa upande ule. Wasichana wengine walipata mimba, wengine wakaolewa, na wakati huo hapakuwa na mwalimu wa kuuliza kwa nini fulani haonekani. Mwalimu wa N.U. naye alishika jembe. Kwake kufungwa kwa shule hakukubadilisha mshahara, maana hakuwa nao.

Na vita haikungoja korona iishe. Miezi ile NDC-R ya Guidon Shimiray Mwissa ilikuwa imetoka Walikale ikapanuka ndani ya Masisi, ikipigana na APCLS na Nyatura. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika jinsi kundi hilo lilivyomtoza kila mtu mzima jetoni ya faranga 1,000 za Kongo kwa mwezi. Asiyekuwa na jetoni alikamatwa njiani. Jetoni haikuahirishwa kwa sababu ya hali ya dharura. Julai 2020 kundi likagawanyika, Gilbert Bwira akatangaza kwamba amemwondoa Guidon, na pande mbili zikapigana kwenye mpaka wa Walikale na Masisi, zikivuta makundi mengine nyuma yao. Familia zikabeba magodoro tena hadi kambi za karibu na Masisi-kati: Kilimani, Kalinga, Lushebere. Matangazo yalisema watu wakae mbali kwa mita moja. Katika kibanda cha maturubai wanalala baba, mama, watoto, na mara nyingi mtoto wa ndugu aliyeachwa njiani.

Hali ya dharura ilikwisha Julai, na tarehe 10 Agosti 2020 milango ikafunguliwa kwa madarasa ya mwisho peke yake, ili wafanye mitihani. Madarasa mengine hayakurudi kumaliza mwaka. Watoto walipandishwa kwa alama walizokuwa nazo kabla ya kufungwa. Uamuzi huo ulikuwa na huruma ndani yake, kwa sababu kuwarudisha wote nyuma kungejaza madarasa mpaka kupasuka. Lakini kwa wa darasa la kwanza ulikuwa na bei. Mwaka mpya ulipoanza tarehe 12 Oktoba, karibu miezi saba tangu shule kufungwa, mtoto aliyetoka hajamaliza herufi alikaa kwenye benchi la darasa la pili, na mbele yake kitabu cha darasa la pili.

Si wote waliorudi. Kila mwalimu wa msingi aliyeita majina Oktoba ile alikuwa na majina yasiyoitikiwa. Shule zilitakiwa kuwa na ndoo za kunawia, barakoa kwa kila mtu na nafasi kati ya watoto. Ndoo zilipatikana, nyingine ni zile za wakati wa Ebola. Barakoa zilishonwa kwa vipande vya kitenge. Nafasi kati ya watoto haikupatikana, kwa sababu darasa ni lilelile na watoto ni walewale, watatu au wanne kwenye dawati la wawili. Wengi walivaa barakoa wakipita mlangoni kisha wakaishusha shingoni. Mkaguzi angekasirika, kama angefika.

Wiki tisa tu zikapita. Tarehe 18 Desemba 2020, korona ikipanda tena, serikali ilianza kuwakataza watu kutoka usiku kuanzia saa tatu hadi saa kumi na moja alfajiri, na shule zikafungwa kabla hata ya sikukuu. Hazikufunguliwa mpaka tarehe 22 Februari 2021.

Kufungwa kwa kwanza kulieleweka. Machi 2020 hakuna aliyejua ugonjwa utafika wapi, Italia ilikuwa inahesabu maiti kila jioni, na hospitali ya Masisi, hata kwa msaada wa Médecins Sans Frontières walioko pale tangu 2007, isingeweza kubeba wagonjwa wengi wa kukosa pumzi kwa wakati mmoja. Kufungwa kwa pili ndiko kunakostahili kuulizwa. Mwisho wa 2020 vifo vya korona vilivyohesabiwa katika Kongo yote vilikuwa karibu 600, na Kinshasa ndiyo iliyokuwa imeshikwa zaidi. Surua, katika mlipuko wa 2019 na 2020, ilikuwa imeua watu zaidi ya 7,000 nchini, wengi wao watoto wadogo, na hakuna shule ya Nyabiondo iliyofungwa kwa amri ya kitaifa kwa ajili yake. Kanuni iliyokatwa kwa kipimo cha Gombe ilivalishwa mtoto wa Masisi bila kupunguzwa wala kuongezwa. Wakuu wa mkoa wangeweza kupewa nafasi ya kupima hatari ya mahali pao, wakazifunga shule za Goma na kuziacha wazi za vijijini. Hilo halikufanyika.

Hesabu ni fupi. Tangu tarehe 2 Septemba 2019 hadi 22 Februari 2021 ni karibu miezi 18. Mtoto wa Nyabiondo aliyeingia darasa la kwanza siku ile alipata chini ya miezi tisa ya masomo, ukiondoa hata zile siku za mapumziko na za mwalimu kufuata mshahara. Na huyo ni yule ambaye familia yake haikukimbia mahali popote.

Yaliyofuata yanajulikana na wasomaji wengi kwa miguu yao. Mei 2021 mkoa uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na mwezi huohuo, tarehe 22, Nyiragongo ikalipuka. Watu wa Goma wakakimbilia Sake na mbele zaidi, wakalala katika shule za Masisi kama vile Masisi ilivyokwisha kulala katika shule za Goma. Oktoba 2021 mwaka wa masomo ulianza na mgomo wa walimu, wakidai mishahara waliyoahidiwa siku prime ilipoondolewa. Wale wa N.U. walikuwa bado wanangoja. Novemba M23 ikarudi vitani. Januari 2023 Kitchanga ikaanguka, na njia za Masisi zikajaa watu waliokwenda Mweso, Sake, Bulengo, Lushagala. Januari 2025 vita ikachukua Masisi-kati, mwisho wa mwezi huo Goma. Februari wakimbizi wa kambi za kandokando ya Goma waliambiwa warudi makwao kwa siku chache, maturubai yakakunjwa. Machi mapigano yakafika Nyabiondo yenyewe, na wale waliokuwa wamerudi wakaondoka tena, wengine kuelekea Walikale.

Mwaka huo wa masomo, 2024-2025, ndio ambao mtoto wa Septemba 2019 alipaswa kuwa darasa la sita na kufanya mtihani wa mwisho wa msingi, kama hakurudia darasa hata mara moja.

Familia nyingi zilizohama hazina tena buletani za watoto. Zilibaki kwenye nyumba iliyoungua au zililoa njiani. Mzazi anapofika kwa direkta wa shule mpya bila karatasi, kwa kawaida mtoto anapewa andiko asome, na anawekwa darasa linalolingana na kile alichosoma, si umri wake. Mzazi asione aibu kwa hilo, wala asikubali mtoto arudishwe nyumbani kwa sababu ya prime: katika shule ya msingi ya umma ibara ya 43 bado iko palepale. Kwa waliokaa nje ya shule muda mrefu kuna vituo vya kuwasaidia kufikia wenzao, vinavyoitwa CRS, ambavyo vinafupisha miaka sita ya msingi kuwa mitatu. Vinapokea watoto wa miaka 9 hadi 14. Aliyeingia darasa la kwanza Nyabiondo mwaka 2019 akiwa na miaka sita, mwaka 2025 alikuwa bado na umri wa kuandikishwa huko. Aliyeingia akiwa na kumi, yule ambaye shule ya bure ilimchelewea, amekwisha kupita umri huo.